Bendi Niliyowaahidi Watu wa Magu

Niseme mwenyewe nilivyoumbuka, maana waliokuwepo ukumbini Kisesa wameshaieneza habari hadi sokoni. Mimi niliyeishia darasa la nne, nikaanza na mkokoteni na leo nina maduka mawili ya vipuri hapa Mabatini (yote nimeyapiga marumaru), niliwatambia wakwe wa binti yangu Kulwa, watu wa Magu, kwamba siku ya kumuaga hakuna cha didjei, watasikia bendi. Mke wangu akaninong'oneza, "Baba Kulwa, hiyo bendi umeiona?" Nikamwambia hayo aniachie mimi, wakati nilikuwa nimeongea na mtu kwenye simu tu.

Siku ikafika, ukumbi umejaa, mshereheshaji anaita bendi kwa mbwembwe, mlango unafunguka, anaingia jamaa mmoja na kinanda chake kwapani. Basi. Mzee Malimi, baba mkwe wa Kulwa, akauliza kwa sauti, "Mzazi mwenzangu, wenzake wako wapi?" Badala ya kukiri nikajibu, "Wanapaki gari." Watu wote wakageukia mlangoni, wakatazama weee, akaingia mbuzi wa jirani. Upande wa Magu wakaangua kicheko. Kulwa akajifunika uso kwa kitenge, nikaona mabega yanatikisika.

Hapo sikuvumilia. Nikakimbilia jikoni, nikarudi na shangazi zake wawili wenye masufuria na miiko, mimi na mfuniko wa pilau, nikamwambia wa kinanda, "Tufuate!" nikaanzisha wimbo tuliokuwa tukiimba tukilima pamba. Pigo la kwanza tu, pilau iliyonata kwenye mfuniko ikaruka, ikatua yote kwenye suti ya Mzee Malimi.

Shangazi wakashusha miiko.

Mzee akaokota punje begani, akaitafuna, akasimama. "Unaimba kama fisi, nipishe!" Akaudaka wimbo (kumbe naye alilima pamba akiuimba huohuo), watu wa Magu wakanyanyuka kuitikia, shangazi wakagonga masufuria, kinanda kikashika njia, na Kulwa akatupa kitenge akaingia katikati kucheza, anacheka machozi yanamtoka. Tulipiga hadi mwenye ukumbi akaja kuuliza bendi hii inatoka wapi!

"Sasa hii ndiyo bendi," Mzee Malimi akaniambia, anahema.

Sitatamka tena neno bendi mbele ya wakwe kabla sijawaona wapigaji wote kwa macho yangu. Ila ule mfuniko umebonyea hadi leo, na nimekataa kabisa usinyooshwe.