Ndege Kumi na Mmoja wa Bwana Gramu

Kitu kilichopigwa muhuri hakifunguliwi. Fundi mizani aliishi na amri hiyo kwa miaka ishirini na sita, na haki ya Mungu hakuivunja hata siku moja. Wako watu wanaovunja amri kumi kabla ya chai ya asubuhi. Yeye alikuwa na moja tu, na aliitunza kama mboni ya jicho. Jicho lenyewe, kama tutakavyoona, halikuwa lake.

Sokoni walimwita Bwana Gramu. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kilichobanwa kati ya muuza rangi na muuza vyombo: benchi la mbao, mizani ndogo ya sahani mbili ndani ya kisanduku cha kioo, na mawe ya shaba yaliyopangwa kutoka kubwa hadi dogo kama watoto wa shule mstarini. Wauza nyama, wauza sukari na wauza misumari walimletea mizani zao. Alifungua, akapangusa, akakaza springi, akapima mara tatu. Kisha alipitisha waya mwembamba kwenye tundu, akaubana kwa kidonge cha madini ya risasi na koleo lenye alama yake. Tangu hapo, atakayekata waya ule ni mwizi, hakuna mjadala. Muuza nyama mmoja aliwahi kuukata ili atoe mende aliyefia ndani ya mizani. Bwana Gramu alimshtaki kwa maofisa wa vipimo, na yule mtu akakaa wiki mbili bila kuuza hata mfupa. Alipokuja kulalamika kwamba alitaka usafi tu, fundi alimjibu kuwa mende angeweza kungoja, kwani alikwisha kufa.

Mtu makini namna hiyo, ungedhani, hawezi kudanganywa na chochote kinachopimika.

Aliyemdanganya aliingia karakanani mchana kweupe, akiwa na koti la kizungu, viatu vinavyong'aa na mkoba wa ngozi ambao ndio uliompa jina. Mkoba hakuwa na mizani ya kutengeneza. Alikuwa na katalogi yenye picha za sarafu za fedha, ile fedha ya madini, na kila sarafu ina uzito wa wakia moja, yaani gramu thelathini na moja na chembe. Upande mmoja palichorwa ngao, upande wa pili ndege. Kila mwaka ndege mmoja: tai, mbuni, korongo, na kadhalika hadi wafike kumi na wawili. Alieleza kwa utaratibu kwamba noti ni karatasi na karatasi huliwa na bei za vitu, lakini gramu haipungui. Tena sarafu hizi zina thamani mbili: ya madini yenyewe, na ya wakusanyaji, ambao hulipa zaidi kwa ajili ya ndege, na hulipa maradufu kwa anayewakamilisha wote kumi na wawili.

Sitasema alidanganya katika hayo. Kuweka akiba si ujinga, na asiyeweka kabisa ni mjinga zaidi. Fedha ni madini yenye heshima yake, na sarafu iliyochongwa vizuri inapendeza macho, hasa macho ya mtu ambaye maisha yake yote ameangalia mizani yenye damu ya mbuzi. Fundi alinunua tai. Mwaka uliofuata alinunua mbuni, kisha korongo. Hizo tatu zilikuwa fedha tupu, kwa maana hata ndoana haitupwi bila chambo cha kweli.

Kilichomteka zaidi kilikuwa namna zilivyofungwa. Kila sarafu ilikaa ndani ya kisahani cha plastiki angavu, kimebanwa pande zote, kikapigwa muhuri mwekundu wenye namba, na namba hiyo hiyo ikaandikwa kwenye cheti. Mkoba alionya kwamba ukifungua, wakusanyaji watakukimbia, maana jasho la kidole huacha doa. Fundi nusura amkumbatie. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amekutana na binadamu anayeiheshimu mihuri kuliko yeye.

Kwa hiyo kila Jumamosi alasiri ibada ilianza. Alishusha bati la biskuti kutoka juu ya kabati, akavaa glovu nyeupe alizoshonewa na mkewe kwa mabaki ya bitana, akapanga sarafu mezani kwa safu. Mgeni aliruhusiwa kutazama akiwa amesimama, mikono nyuma. Shemeji yake, mdogo wa mkewe na fundi wa matairi, alikataliwa hata kukaribia meza kwa sababu ya mikono yake.

"Shemeji," alimuuliza siku moja kutoka mlangoni, "hao ndege wako wanataga?"

"Wanapanda thamani. Wewe huwezi kuelewa."

"Kweli siwezi. Mimi nikitaka kujua tairi ina upepo, naipima. Wewe unapima sukari ya mji mzima. Hizi umepima?"

Fundi alimwangalia kama anavyoangaliwa mtu aliyetema mate msikitini. Akamweleza, polepole, kwamba kupima kilichopigwa muhuri ni kumtukana aliyekipiga. Kila siku watu waliamini kidonge chake cha risasi bila kukifungua. Naye ataanzaje kushuku cha mwenzake? Ulimwengu mzima wa biashara ungeanguka. Shemeji aliomba radhi kwa niaba ya ulimwengu, akaenda zake.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alishonea sebuleni, na katika mwaka ule wa ndege wa kumi na moja cherehani yake ilianza kusafiri. Kwanza ilitoka kando ya kabati ikaenda katikati ya chumba. Baadaye ikafika karibu na dirisha. Mwisho ilikaa dirishani kabisa, meza yake ikigusa ukuta, na bado alimwomba jirani amtungie uzi kwenye sindano. Alianza kugonga bega la kushoto kwenye miimo ya milango. Mumewe alimwambia apunguze haraka.

Binti yao, aliyeolewa mbali, alipokuja kutembea ndiye aliyempeleka mama hospitali. Daktari wa macho aliwaambia ni presha ya macho. Alieleza kwa lugha rahisi: ugonjwa huu unakula kutoka pembeni kwenda katikati, hauumi, na ulichokwisha kula haurudishi. Jicho la kushoto lilikuwa limeliwa zaidi, lakini yote mawili yalikuwa bado yanaweza kuokolewa. Aandae pesa za upasuaji, na asivuke miezi miwili. Kwa sasa atumie dawa ya matone.

Binti alirudi kwake akiwa ametulia, kwa sababu baba alikuwa amesikiliza yote na kutikisa kichwa kwa uzito. Tena siku hiyo hiyo fundi alipiga hesabu kwenye karatasi akaona kwamba sarafu tatu, kwa bei ya madini tu, zinatosha. Alikuwa nazo kumi na moja.

Hakukataa kuuza. Mtu wa kanuni hakatai, anaomba muda. Alimkalisha mkewe akamfafanulia: ndege kumi na mmoja si seti. Ukiuza watatu katika kumi na mmoja umeuza vipande vya madini, na waliobaki umewafanya yatima. Lakini Mkoba alikuwa ameahidi ndege wa kumi na mbili, hondohondo, baada ya wiki sita. Seti ikikamilika, itauzwa kwa wakusanyaji kwa bei ya maradufu, macho yote mawili yatatibiwa, na kitabaki cha kununua cherehani ya umeme. Isitoshe, wiki ile bei ya fedha ilikuwa imeshuka kidogo. Nani anauza bei ikishuka?

"Kwa hiyo nangoja hondohondo," alisema mkewe.

"Wiki sita tu, mama watoto."

"Sawa. Ukimwona, mwambie aruke haraka, maana mimi nitakuwa simwoni."

Alicheka baada ya kusema hivyo, naye fundi akacheka, akachukulia kwamba jambo limekubalika. Ndiyo faida ya kuwa na mke mcheshi.

Chupa ya kwanza ya matone alinunua fundi. Ya pili alinunua yule shemeji mwenye mikono michafu, na ya tatu pia. Wiki sita zilipita. Mkoba alipiga simu kueleza kuwa mzigo uko melini. Mwezi uliofuata mzigo ulikuwa forodhani. Mwezi mwingine kulikuwa na ofisa aliyetaka kuonwa, na fundi, ambaye maisha yake hajawahi kumwona ofisa kwa njia hiyo, alimtumia Mkoba kitu kidogo ili amwone kwa niaba yake. Mwezi wa tano simu ya Mkoba iliita bila kupokelewa. Wa sita haikuita kabisa. Fundi alisema wafanyabiashara wakubwa hubadilisha namba mara kwa mara.  Kila mara mkewe alipokumbushwa tarehe ya daktari na ndugu zake, aliwaambia mumewe analishughulikia, kwa sababu naye alikuwa na amri yake, kwamba mambo ya ndani hayatolewi nje.

Mwezi wa saba alimshonea mwalimu mkuu suruali ya sherehe. Mwalimu aliivaa nyumbani kwake, akarudi nayo mkononi, kwa adabu sana, akamwonyesha kwamba mfuko wa kushoto ameushona ukafungwa kabisa, na zipu imekaa ndani nje. Hakudai kitu. Alisema tu kwamba atatafuta fundi mwingine kwa sasa, mpaka mama apone. Mwanamke yule alikuwa amemshonea mwalimu tangu hajaoa.

Kesho yake saa nne asubuhi alifika karakanani, ameshikwa mkono na mdogo wake. Muuza sukari alikuwa amekaa pale anangoja mizani yake. Mke alipapasa ukingo wa benchi, akaweka bati la biskuti, akafungua kifuniko. Ndani mlikuwa na sarafu kumi na moja, tupu, na vipande vya plastiki. Alikuwa amezikata kwa mkasi wake wa vitambaa, mkasi ule ule ambao hakuwahi kuruhusu hata watoto wakatie karatasi.

Fundi alinyanyuka. 

"Umevunja muhuri," alisema.

"Nimevunja plastiki. Muhuri sikuuona. Siku hizi vitu vidogo sivioni." Alisukuma bati mbele. "Moja iliniponyoka sakafuni ikalia kama kengele. Nyingine ikalia kama kifuniko cha chupa. Nikaziangusha zote. Pima, baba watoto."

Muuza sukari alijisogeza karibu ili aone vizuri. Fundi alianza kutafuta glovu. Alifungua droo moja, akafungua ya pili, hadi shemeji alipomwambia kwa upole kwamba ndege wameshaoga jasho, sasa awapime tu.

Aliweka tai. Sahani zilikaa sawa, gramu thelathini na moja na chembe. Akaweka mbuni, akaweka korongo, zikakaa sawa. Rangi ilianza kumrudia usoni, na alikuwa tayari kumpa mkewe mhadhara. Akaweka ya nne. Sahani ilipanda juu kama ya mtu anayeuza nyama ya wizi. Gramu ishirini na nne.

Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita, Bwana Gramu aliishuku mizani yake. Aliifuta sahani, akaipima kwa mawe ya shaba, moja baada ya jingine, ikasema kweli kila mara. Akaweka ya tano, ya sita, mpaka ya kumi na moja. Nane zote zilipungua, na zote zilipungua sawasawa, kwa uaminifu mkubwa. Muuza sukari alikohoa, akasema atarudi baadaye kuchukua mizani yake. Kabla ya saa sita soko zima lilikuwa na habari, na muuza nyama wa yule mende alimtumia fundi maini nusu kilo, bila karatasi ya bei.

Sonara waliyemwendea alikwangua ukingo wa sarafu moja kati ya zile nane kwa tupa, ikatoa wekundu wa shaba. Zile saba nyingine hakuzigusa. Zile tatu za kweli alizinunua kwa uzito. Fundi alijaribu kumwonyesha manyoya ya tai yalivyochongwa, kila unyoya na mstari wake. Sonara alisema ni kazi nzuri, akazitupa katika kopo moja na mikufu iliyokatika na hereni zisizo na wenzake, zikangoje kuyeyushwa.

Barabarani fundi alimwambia mkewe kwamba Mkoba ni mtu mbaya sana.

"Mkoba simjui," alisema mkewe. "Hakuwahi kuniambia ningoje."

Daktari aliwapokea wiki ile ile. Alimulika jicho la kulia, akaandika. Alimulika la kushoto muda mrefu, akazima taa, akaiweka mezani. Aliuliza walikuwa wapi. Fundi alifungua mdomo kueleza habari ya seti, wakusanyaji na bei ya soko, akaona mwenyewe kwamba haielezeki mbele ya watu, akasema walikuwa wanatafuta pesa.

Sarafu tatu zilitosha kulipia upasuaji. Zilitosha hata miezi saba nyuma, siku daktari alipotoa tarehe, macho yote mawili yakiwa bado yanatibika. Jicho la kulia limebaki. La kushoto halioni.