Bomba la Shaba Juu ya Vitenge

Nisikilize taratibu, maana jambo lenyewe ni rahisi, na urahisi huo ndio ulionichosha.

Tulipanga ghorofa ya juu ya nyumba ya zamani Kariakoo, yenye sakafu ya mbao. Bomba letu la shaba lilipita chini ya maboriti, yaani juu kabisa ya duka la mama mmoja wa Kilimanjaro, muuza vitenge. Liliwahi kuvuja, marobota yakalowa. Likavuja tena. Akaniambia kwa upole, "Baba, likidondosha tena namwambia mwenye nyumba awakatie maji."

Fundi wetu alikuwa shemeji, mume wa dada yangu, na shemeji hafukuzwi. Kila akija alipigilia misumari, akaikunja juu ya bomba, akamalizia kwa kuzungushia mpira wa tyubu ya baiskeli.

"Shemeji, msumari unalila bomba."

"Limeshikwa hilo, haliendi popote."

"Haliendi, lakini linacheza."

"Basi lipigie ngoma."

Mama wa duka akatazama juu. "Misumari yote hiyo! Huyu kaja kuchoma mshikaki."

Maji yetu yalikuwa ya mgawo. Unajua tulivyo: koki huachwa wazi, ndoo chini yake, ili yakirudi tusikie. Basi hurudi yakisukuma upepo mbele, bomba linaruka, na kila likiruka linajisugua kwenye msumari uleule. Nilimweleza shemeji hivyo hadi ulimi ukakauka. Alinisikiliza vizuri sana, kisha akaomba nyundo.

Siku moja mchana maji yakarudi shemeji akiwa juu ya ngazi. Nikamwambia aweke kiganja kwenye bomba. Akakiweka, bomba likaruka.

"Kumbe linapiga mateke," akasema.

Jioni hiyo tulinunua klipu za shaba, zile zinazolikumbatia bomba, tukang'oa misumari, tukaziba palipolika, tukazifunga klipu kwa skrubu. Mama alikuwa ametandika turubai juu ya marobota. Maji yaliporudi tena, bomba lilitetemeka tu. Mama alingoja, akapapasa turubai, kavu, akalikunja. Maji tukabaki nayo.

Nilipotazama juu, shemeji alikuwa amezungushia klipu moja mpira wa tyubu. "Kwa usalama," alisema.

Wewe usichoke kama mimi. Ng'oa misumari yote, chagua klipu ya saizi ya bomba lako, na uifunge kwa skrubu kwenye kila boriti ya pili.