Maneno Niliyopewa Niyaseme

Simu ya shemeji, mke wa kaka, ilinikuta Lubumbashi, nikipakia unga kwenye malori. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili, na sikuwahi kukaa mji mmoja zaidi ya miaka mitatu. Siku nne barabarani hadi Dar es Salaam, wiki saba za kungojea viza, usiku mmoja Doha nimekalia begi langu, kisha Heathrow na treni za chini ya ardhi hadi Tottenham. Njia nzima niliiwaza Mafinga ya ukungu, mimi na kaka tukipokezana sweta moja kwenda shule.

Nilimkuta kaka sebuleni kwao, ghorofa ya tatu, kwenye kitanda cha hospitali. Kiharusi kilikuwa kimemwachia macho tu. Mtu aliyeendesha basi la ghorofa mbili sasa alipumua kwa bomba la shingoni na kulishwa kwa mrija wa tumboni. Lakini akili ilikuwa nzima na alisikia kila kitu. Akitazama juu ni ndiyo, chini ni hapana.

Hospitali walimpa ubao wa herufi uliopangwa kwa ajili ya Kiingereza, ukatuchosha. Nikakata katoni ya ndizi, nikaandika herufi kwa mistari kufuata Kiswahili, nikianza na A, I, N, U, K. Nataja mstari, akitazama juu nasimama, kisha nataja herufi moja moja. Maneno yake ya kwanza kwangu yalichukua dakika kumi: UMEZEEKA VIBAYA.

Shemeji alicheka mpaka akakaa chini. "Afadhali wewe, shemeji. Mimi juzi kaniambia anashukuru mrija umemwokoa na wali wangu."

Shemeji alisafisha ofisi, kwa hiyo mchana ulikuwa wangu. Kumgeuza kila saa mbili, kunyonya makohozi kwa mashine, kumfuta mate. Kazi hizo nilizizoea. Sikuzoea kutulia.

Mwezi wangu wa tatu pale, mchana wa mvua, alitumia karibu saa nzima. NIPELEKENI NYUMBANI. MAMA ANIONE. Nilimuuliza kama anakumbuka umeme wa kwetu unavyokatika, na mashine zake zinataka umeme. Juu. Anajua anaweza kufa? Juu. Shemeji alikwisha kuambiwa, akalia sana, na kaka akaacha kumtajia. Sasa aliongeza: MJOMBA AKIJA SEMA.

Jioni ile nilimpigia mama, nikamwambia ajiandae.

Mjomba alikuja Jumamosi kutoka Coventry. Ndiye aliyemleta kaka nchini humu, na ndiye aliyeitisha kikao. Kwetu kikao kina utaratibu: mkubwa hufungua kwa sala, watu husema kwa umri, mdogo hungoja kuulizwa. Mgonjwa hasumbuliwi. Tulikizunguka kitanda, watu saba pamoja na wa kanisani, na katoni ilikuwa juu ya friji. Hakuna aliyeona ajabu.

"Kumpeleka nyumbani ni kumuua," mjomba alisema. "Huku wamempatia nafasi kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa. Huyu binti wa watu naye amechoka."

Shemeji alijifuta macho. "Ninyi ndio wazee."

"Na wewe, bwana safari?" mjomba alinigeukia. "Maana wewe tukikuchelewesha utatoroka. Una neno?"

Watu walicheka kidogo. Kaka alikuwa ananitazama.

Nilijua nani angekwenda naye. Shemeji alikuwa na kazi na mtoto shuleni. Mama hawezi kuinua hata ndoo. Ningekuwa mimi, Mafinga, pembeni ya kitanda kile, hadi mmoja wetu afe.

"Sina neno, mjomba. Nakubaliana na wazee."

Kaka alitazama chini. Akarudisha macho kwangu, akatazama chini tena. Chini. Chini.

"Mnaona, usingizi unamchukua," mjomba alisema. "Tufunge kwa sala."

Tangu siku hiyo kila nilipoishika katoni alifumba macho. Nilimwomba msamaha kwa Kiswahili, nikamwomba kwa Kihehe. Nilimgeuza, nikamtoa makohozi, na yeye kafumba tu. Kwa shemeji aliyafumbua.

"Ulijua anachotaka?" shemeji aliniuliza jikoni.

"Nilijua."

"Hata mimi," akasema, akaendelea kukunja shuka.

Walipokuja na gari la wagonjwa kumpeleka kwenye nyumba ile, viza yangu ilikuwa imebakiza wiki tatu. Nilikuwa nimekwisha kufunga begi. Niliinama kwenye machela nikamwamkia. Kope zake zilitetemeka, hazikufunguka.

"Amelala, shemeji," mke wake alisema. "Wahi ndege."

Mama alipiga simu nikiwa kituo cha basi.

"Nimepaka chokaa chumba cha mbele, baba. Mnamleta lini?"

"Madaktari wamekataa, mama."

"Na yeye mwenyewe amesemaje?"

"Amesema sawa."

Basi lilikuja, nikapanda na begi langu.