Pii ya Matumbo Mawili

Herufi sikuzijulia shuleni. Nilisoma mpaka darasa la pili tu, nikatolewa nichunge ng'ombe. Nilizijua kwa mikebe ya maziwa. Hapa Kapseret kila mkulima alipaka herufi mbili za jina lake kwa mkebe, na mikebe ikirudi mitupu kutoka mjini, mimi ndiye niliyeipanga kando ya barabara. Wenye mikebe nawakumbuka wote kwa majina mpaka leo, ingawa hapa sitawataja.

Sasa, kwa ulimi wetu Wakalenjin wa umri wangu, B na P zote ni pii. Basi tulizitenganisha kwa macho: hii ni pii ya matumbo mawili, ile ni pii ya tumbo moja. Hakuna aliyebeba mkebe wa mwenzake.

Hivyo ndivyo nilivyomfundisha mjukuu wangu, maana mama yake anafanya kazi mjini na mchana tunabaki wawili. Mwaka jana mwalimu wake wa nasari akaniita. Akasema mtoto hajui herufi, na hawezi kuingia gredi ya kwanza na wenzake. Nilijua ni mimi nimemharibia.

Mwalimu huyo ni mama mpole, kwao ni upande wa ziwa. Shule yeye huita sule, nami sikusema kitu. Alimwonyesha mtoto B ukutani.

"Pii ya matumbo mawili," mtoto akajibu.

Akamwonyesha P. "Pii ya tumbo moja."

Mwalimu akanigeukia. Ikabidi nimweleze habari ya mikebe, kutoka mwanzo. Alisikiliza, halafu akampa mtoto chaki, akamwambia aandike baba, kisha papai, kisha bata. Mtoto akaandika yote bila kuuliza. Mwalimu akasoma ubao mara mbili.

"Mama, huyu anajua," akasema. "Ataenda na wenzake. Lakini lazima ajue kuziita."

"Hiyo umfundishe wewe," nikamwambia. "Mimi siwezi."

Alimfundisha kweli. Siku hizi mtoto akitoka shule ananiketisha jikoni nikisafisha kibuyu cha maziwa.

"Kogo," ananiita, yaani bibi kwa lugha yetu, "funga midomo, halafu useme bii."

Nafunga midomo, nasema.

"Hiyo ni ya tumbo moja," ananiambia, na tunaanza tena.