Ripoti Niliyoiandika Kitandani

Kila nikisimulia habari hii masikio yananiwaka moto, kwa hiyo naomba mcheke polepole. Mwaka wetu wa kwanza Southall, mtaa wa Landani, tulikuwa na timu ya mpira wa magongo ya watu wa kwetu, Masingasinga wa Nakuru na Kisumu, Wagoa wa Mombasa, Waismaili wawili watatu, na kwa kuwa kila mmoja nyumbani kwake alisema lugha yake, uwanjani tulisema Kiswahili (raha yake ni kwamba Waingereza hawakujua tunapangiana nini). Mimi nilikuwa nimecheza magongo shuleni Mombasa, basi Chacha Kirpal (chacha kwa Kipunjabi ni baba mdogo), mzee aliyechagua timu, akaniamini. Jumamosi moja alikuwa na zamu ya kuendesha basi lake, akanituma nikamtazame beki mpya kwenye mechi ya majaribio.

Beki mwenyewe aliitwa Harjit, kijana wa miaka ishirini, hana hata miezi miwili tangu ashuke kwenye ndege na mama yake. Kiwanda kilikuwa tayari kumwajiri, ila msimamizi alitaka jibu Jumatatu: Jumamosi utafanya kazi au hufanyi? Mama yake alikuwa ameshamwambia, timu ikikutaka, zikatae Jumamosi. Isipokutaka, weka gongo uvunguni uende kazini. Kwa hiyo maneno yangu ndiyo yangeamua, na mimi nilijua hivyo, na bado nilifanya nilichofanya.

Asubuhi ile nilifunua pazia nikaona jua. Jua jeupe, limejaa mtaa mzima, juu ya mapaa hakuna hata wingu la kusingiziwa. Nikagusa kioo, vidole vikafa ganzi. Nikasema narudi chini ya blanketi dakika tano tu (ndizo zilizoniponza, hizo dakika tano), na nilipofumbua macho tena ilikuwa saa saba na mechi, kwa hesabu zangu, ilikwisha zamani. Na kwamba ilichezwa, ningetiliaje shaka? Kwetu Mombasa kinachovunja mechi ni mvua. Jua likiwaka watu wanacheza, hilo halina mjadala.

Ningeweza kwenda kuungama. Lakini niliwahi kumwona Harjit mara moja akipiga mpira ukutani nyuma ya duka la shemeji yake, alikuwa na mkono mzuri, na tangu utotoni mimi napenda maneno mazuri kuliko ninavyopenda kuamka. Nikavuta karatasi, nikaandika nikiwa nimelala kifudifudi, na nilivyozidi kuandika ndivyo nilivyozidi kuamini.

Jumapili mchana tulikutana kwenye ukumbi tuliokuwa tukiukodi, chai ya maziwa na kachori, familia nzima nzima. Nikampa Chacha karatasi mlangoni. Nilitegemea ataiweka mfukoni akaisome kwake. Yeye akavaa miwani, akagonga kikombe kwa kijiko, akaanza kusoma kwa sauti.

“‘Harjit huupokea mpira kama mtu anayepokea mtoto mchanga.’”

Mama yake Harjit, aliyekaa karibu na birika, akaweka kikombe chini ili asikie vizuri.

“‘Mara nne alimnyang’anya mshambuliaji mpira bila kumgusa hata shati. Kasoro yake ni moja, anawahurumia mno wapinzani.’”

Wachezaji wakainamisha vichwa, mabega yakaanza kutikisika. Chacha akadhani wameguswa, akapandisha sauti. Mama yake Harjit alikuwa anafuta macho kwa ncha ya mtandio. Ndipo Kaitano, golikipa wetu, akanyoosha mkono kwa adabu zote.

“Chacha, samahani. Hapo inasema mimi nilifungwa mangapi?”

“Haisemi.”

“Afadhali. Maana jana nilikaa bandani nakunywa chai na wenzangu wote. Uwanja uliganda kama jiwe, mlinzi akafunga geti, hakuna aliyegusa mpira.”

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Kumbe katika nchi hii, majira ya baridi, jua kali asubuhi ndiyo dalili yenyewe kwamba usiku ardhi imeganda. Wote walikuwa wamekwenda wakalijua hilo getini, isipokuwa mimi niliyelala na Chacha aliyekuwa kwenye basi. Lakini kicheko sicho kilichonichoma. Kilichonichoma ni mama yule kumgeukia mwanawe.

“Mbona hukuniambia ulicheza vizuri hivyo?”

“Mama, jana hatukucheza.”

Mama akanitazama. Hakuwa na hasira, na heri angekuwa nayo.

“Zarina,” Chacha akasema, “haya uliyaona wapi?”

“Kitandani, Chacha.”

Waliokuwa wamemaliza kucheka wakaanza upya. Chacha akakunja karatasi, akanirudishia. “Kesho kiwanda kinataka jibu. Sasa mimi nimwambie nini huyu kijana?”

“Mjaribuni sasa hivi,” nikasema. “Nitatazama.”

Nyuma ya ukumbi palikuwa na kiwanja cha nyasi, na tangu asubuhi barafu ilikuwa imeyeyuka ikaacha tope. Tukatoka na nguo zetu za Jumapili. Harjit akaazimwa gongo, Chacha akavua koti akachukua gongo jingine, akamjia yeye mwenyewe. Mpira wa kwanza ukampita kijana katikati ya miguu. Wa pili akaukimbilia, akateleza, akakaa topeni na suruali yake ya kitani. Kaitano akasema yule mtoto mchanga wa kwenye karatasi, leo amemdondosha. Mara ya tatu Harjit hakukimbilia kitu. Alirudi nyuma, hatua kwa hatua, gongo chini, akimfungia Chacha njia ya kati, akimsogeza pembeni, pembeni, mpaka mzee akajikuta anaongea na ukuta.

Chacha akasimama anahema. “Haya. Sema ulichokiona.”

Mama yake Harjit alikuwa ubavuni mwangu. Maneno mazuri yalinijaa mdomoni, nikayameza.

“Ana papara. Akikimbilia mpira anapitwa. Kwenye majani haya bado hajui kusimama. Ila anajifunza haraka, na akitulia hapitiki. Leo hafai kuanza. Mkimvumilia, atafaa.”

Chacha akafuta miwani. “Huyo ndiye niliyemwona na mimi. Utaanza benchi, mwanangu. Jumamosi usiende kiwandani.”

Harjit akatabasamu akitazama suruali yake. Mama yake akanyoosha mkono kwangu. “Ile karatasi nipe mimi.”

“Mama, ile ni uongo mtupu,” nikasema.

“Najua. Nitamwekea. Siku itakapokuwa kweli nitakuita uje uisome tena.”

Nikaapa palepale kwamba sitaandika habari za mtu nisiyesimama nikamtazama, na mpaka leo, jua likiwaka Landani, navaa koti nashuka ngazi kwenda kugusa nyasi kwanza. Mama yake Harjit aliniita baada ya misimu miwili. Nilisoma vizuri hadi kwenye ile ya kuwahurumia wapinzani, hapo nikampa Kaitano karatasi amalizie.