Vyuma Saba Chini ya Keriako

Nailantei wa Mazingara hakuwahi kutamani gari. Alitamani mume wake apate usingizi, basi. Tangu ukuta wa kisima ulipomwangukia Keriako, katika ukame ule wa mwaka tisini na saba, miguu yake ilikuwa imekufa, na mgongo ukabaki na kazi moja tu ya kuuma. Pale alipolalia palichimbika kidonda. Kule Handeni mjini walimwandikia aende hospitali ya Korogwe kila baada ya wiki mbili, akaoshwe na kufungwa upya.

Safari za kwanza alipakiwa juu ya lori la mahindi, katikati ya magunia, watu wakimruka kama mzigo. Nailantei aliona uchungu wa kumwona mwanamume aliyekuwa akisimamia ng'ombe mia akiombewa nafasi ya kulala. Keriako mwenyewe ndiye aliyekata shauri wauzwe madume, ikanunuliwe pikapu.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Bandari zilikuwa wazi, na magari yaliyowachosha wenyewe huko ughaibuni yalikuwa yakimwagwa kwetu, kila moja na maajabu yake. Lenku, mdogo wake Keriako, alipata pikapu moja ndefu ya bluu kwa dalali wa Korogwe. Maajabu ya hii yalikuwa nyuma. Haikuwa na springi. Ilikuwa na mifuko miwili ya mpira mnene iliyojazwa upepo, na pampu ndogo ya kuijaza. Walimlaza Keriako nyuma juu ya godoro, wakazunguka naye mitaa ya Manundu, pale pale Korogwe, yenye mashimo yake yote. Waliporudi walimkuta amelala fofofo, mdomo wazi. Nailantei alilia pale pale mbele ya madalali, wala hakuona haya.

Lakini pikapu ile ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya barabara za watu wengine. Mvua za Elinino zilikuwa zimepita, zikaichana njia ya Mazingara vipande vipande. Malori yalichimba mifereji miwili, na katikati likabaki tuta gumu kama mgongo wa punda. Pikapu ilikaa chini chini, tumbo lake likawa linapanda juu ya tuta na magurudumu yanaelea. Safari ya pili waliacha bomba la moshi njiani. Ya tatu walilala Kwedizinga, katikati ya njia, Keriako akitetemeka kwa homa, hadi trekta lilipopatikana kuwavuta. Ikawa lazima gari linyanyuliwe.

Wakampelekea Semboja, fundi wa Korogwe ambaye mikono yake ilikuwa imeshika gari la kila aina, toka yale ya mashamba ya katani. Alijilaza chini ya pikapu muda mrefu, akatoka na vumbi usoni.

"Mzee Keriako, mama, na wewe Lenku, nisikilizeni," alisema. "Njia ziko tatu. Ya kwanza tunaongeza upepo kwenye mifuko. Gari litapanda leo leo, lakini mfuko utakuwa mgumu kama ngoma, na siku moja utapasuka. Hiyo siifanyi. Ya pili, nakata vipande vya chuma, naviweka chini ya mifuko, narefusha shokapu na mabomba ya breki. Gari linapanda kiasi cha shibiri moja, na ulaini wake unabaki. Ya tatu, naitupa mifuko, nafunga springi za lori, vyuma saba kila upande. Hapo linapanda zaidi, na mtalisahau mpaka lichakae."

"Ya pili," alisema Nailantei kabla fundi hajamaliza kumeza mate.

Lenku alikunja uso. Na asilaumiwe Lenku, maana alikuwa na watoto wa nyumba mbili wa kulisha, na madume yaliyouzwa yalikuwa yake pia. "Shemeji, miba ya migunga ya kwetu unaijua. Mfuko ukichomwa je? Na ndama tutawapeleka mnadani na nini?"

Keriako alikuwa amelala nyuma ya pikapu, anasikia yote. Aliuliza swali moja tu. "Fundi, mfuko ukipasuka Mazingara, mwingine unapatikana wapi?"

"Labda Dar es Salaam, mzee. Labda haupatikani."

"Basi funga springi. Gari la kunibeba mimi peke yangu ni jeneza. Nataka libebe na ndama."

Nailantei alimtazama usoni akitafuta chochote, hata ukope uliocheza. Hakukuwa na kitu. Lakini angekiona wapi? Wanaume wa rika la Keriako walisimama jandoni mbele ya kisu, na aliyepepesa jicho alimtia baba yake aibu ya maisha. Uso ule ulikuwa umefundishwa kazi yake tangu utotoni. Na Nailantei, aliyekulia katika desturi hiyo hiyo, alisahau siku hiyo kwamba uso wa mumewe ni kitu cha mwisho cha kuulizwa.

Semboja alimgeukia. Alikuwa mtu mwenye huruma, na alikuwa ameshaona kwamba mama hajaridhika. "Mama, wasemaje?"

"Mzee ameshasema," alijibu Nailantei.

Springi zikafungwa. Pikapu ikasimama juu kama ndama aliyejinyoosha miguu, na kweli, haikukwama tena. Ilivuka makorongo, ikapanda tuta, ikapeleka ndama na mbuzi mnadani, ikarudi na unga na sukari. Salaash, mtoto wao mkubwa, akarudi shule. Majirani walisifu. Kila baada ya wiki mbili Lukasi, dereva, alitandika godoro nyuma, wakaenda Korogwe.

"Mama Salaash, kaa mbele," Keriako alimwambia safari ya kwanza. "Nyuma kuna vumbi."

"Vumbi langu linakuhusu nini?"

"Kaa mbele, nimesema."

Akakaa mbele. Walipofika alimkuta mumewe ana jasho, lakini anatania manesi, anawauliza kama wana mume wa kumkopesha miguu. Nailantei alicheka. Alimshukuru Mungu kwa moyo wote, akadhani wamepatia.

Mwezi wa nne wa safari hizo Keriako alisema kidonda kimepona, haendi tena. Hakikuwa kimepona. Kilikuwa kinanuka mpaka mlangoni. Nailantei alisihi, akafoka, akasusa kumpikia siku nzima kisha akapika kwa hasira. Lenku alijaribu, akashindwa. Keriako aliagiza magome ya miti, akanywa, akageukia ukutani. Nailantei alimwona mkaidi, na alimkasirikia kweli kweli. Gari lipo, dereva yupo, yeye hana hili wala lile, anaozea ndani!

Mwishowe alikwenda Korogwe na Lukasi tu, kuomba dawa. Sista Beatrisi, nesi aliyekuwa akimwosha Keriako siku zote, alikataa kumpa za kupeleka tu.

"Kidonda kile hakiponi kwa vidonge vya kutumwa. Mlete."

"Amekataa, sista. Gari tunalo, zima, lakini amekataa."

Beatrisi alimtazama. "Kule nyuma anakolazwa, wewe umewahi kulala?"

Nailantei alirudi kwenye pikapu, akalitandika godoro mwenyewe, akajilaza chali kama alivyokuwa akimlaza mumewe. Lukasi alimuuliza kama anaumwa. Akamwambia aendeshe, na aendeshe kama siku zote.

Mjini alivumilia. Barabara ya vumbi ilipoanza, gari lilimrusha na kumpokea kwa chuma. Hakukuwa na pigo moja la kungojea lipite, yalikuja yakifuatana, yakaingia kiunoni, yakapanda hadi kwenye meno. Yeye alikuwa na mgongo mzima na miguu miwili ya kujizuia. Alihesabu makorongo matatu. Kwenye la nne, Kwedizinga ikiwa bado mbali, alipiga ngumi ukuta wa kebini kwa nguvu zake zote.

Lukasi alisimama, akashuka, akamkuta analia.

"Mzee hajawahi kugonga," alisema taratibu, kama mtu anayeungama. "Ila blanketi lake ninalifua mimi, mama. Pembeni amelitafuna. Alinikataza nisiseme."

Waligeuza gari mpaka kwa Semboja. Nailantei alitaka mifuko irudi. Fundi aliinamisha kichwa. Mifuko alikuwa ameikata zamani, akauza mipira yake kwa watu wa kufungia mizigo. Alichoweza ni kutoa vyuma vitatu kila upande. Gari likashuka kidogo, likalegea kidogo.

Alifika nyumbani jua limeinama. Keriako alikuwa amelisikia gari likija, na masikio yake yalikuwa ya mchungaji.

"Springi zimepunguzwa. Nani amekutuma?"

"Nimelala kule nyuma, Baba Salaash."

Keriako aligeuza kichwa kutoka ukutani. "Ulifika wapi?"

"Sikufika hata Kwedizinga."

Uso wake, ule uliokuwa hausemi kitu, ulilegea mara ya kwanza tangu kisima. Alitabasamu. "Mimi nilikuwa nafika," alisema. Kisha akamshika mkono. "Lenku asijue. Wala watoto."

Aliahidi. Keriako naye alikubali kwenda Jumatatu, wakienda polepole, na yeye Nailantei akae nyuma amshike. Homa ikampanda Ijumaa. Jumamosi alfajiri alikuwa hajui anayemwita, na kabla ng'ombe hawajatolewa alikuwa amekwisha.

Msibani walikuja watu kutoka Kwedizinga na mbali zaidi. Kila aliyesema alisema lile lile, kwamba Keriako aliumwa miaka miwili na hakuna aliyemsikia akiguna. Lenku alilia waziwazi. Alisema wamshukuru Mungu kwa gari, maana angalau kaka yake alisafiri kwa raha siku zake za mwisho. Nailantei alikuwa amekaa na wanawake. Maneno yalimpanda kooni, akayarudisha, yakapanda tena, akayarudisha. Aliona anayatafuna.

Wiki ya tatu Lenku alikuja na kofia mkononi. Ndama sita walikuwa wanangoja kupelekwa mnadani, na nyuma ya pikapu ilikuwa inakaa chini sana wakipakiwa.

"Shemeji, najua ni mapema. Lakini vile vyuma alivyotoa Semboja, nadhani sasa tunaweza kuvirudisha. Hakuna tena mgonjwa."

Nailantei alimtazama, akawatazama watoto waliokuwa wakinywa uji pembeni.

"Virudishe," alisema.