Droni Iliyokwenda Kansanga

Safari ya kunifikisha Kampala ilichukua siku mbili, nyuma ya lori la jeshi, kutoka mpakani kaskazini-magharibi. Nilikuwa nimekalia sanduku lenye droni, ndege ndogo isiyo na rubani, na amri niliyopewa ilikuwa fupi: usiliachie. Nikala juu yake, nikasinzia juu yake. Dereva alinunua kuku wanne njiani, na kwa kuwa hapakuwa na nafasi kwingine, kuku nao wakapanda juu ya sanduku. Kwenye kila kizuizi askari walitaka lifunguliwe waione, na wakishaiona nyuso zinawashuka. Mmoja alilinyanyua bawa kwa vidole viwili, akasema, "Afande, hii hata mtoto wangu anaweza kutengeneza." Nikamwambia amlete huyo mtoto, tuna uhaba wa watu.

Sikuwa natania. Mimi mwenyewe niliingia jeshini na cheti cha kidato cha nne, nikawa fundi wa redio, na nikapanda polepole hadi luteni kwa sababu redio zangu zilikuwa zinasikika. Droni zilipokuja, mkubwa mmoja aliuliza ni nani anayejua kuchomea nyaya. Nikanyoosha mkono. Kufikia jioni nilikuwa mtaalamu.

Kabla ya hapo sikuwahi kutulia mahali. Nikishajua mbwa wa jirani wanaitwa nani, naomba uhamisho. Kampala ndiyo iliyonishika. Nyumba za kambini zilikuwa zimejaa, nikapanga chumba Kansanga, nyuma ya maduka, kwa mama mmoja mjane aliyepika na kuuza chakula uani. Alfajiri nasikia akichochea moto, jioni nasikia baa tatu zikishindana kwa muziki, na nilipohesabu nikakuta nimekaa miaka miwili bila kuandika barua ya uhamisho. Nilitaka kubaki. Na njia ilikuwepo: kikosi kipya cha droni kilikuwa kinaundwa pale mjini, mkuu wake angekuwa kapteni, na niliambiwa wazi kwamba nafasi ni yangu, ikiwa tu maonyesho mbele ya brigedia yatakwenda vizuri.

Basi nikajiandaa, na kujiandaa kwangu ndiko kulikoniponza.

Kabla ya kurusha droni kuna orodha ya ukaguzi. Ofisa anasoma, sajini anaangalia kitu chenyewe kisha anajibu alichokiona: betri imejaa kiasi gani, upepo unatoka wapi, droni ikiambiwa irudi itarudi wapi. Sajini wangu, mwanamke wa Gulu asiyecheka ovyo, alikuwa akijibu hivyo hivyo, taratibu, akiinama na kuchungulia. Kwangu mimi ilionekana kama uzembe. Mbele ya wageni, askari anayechungulia anafanana na askari asiyejua. Nikawafundisha upya, yeye na vijana wawili, tukafanya mazoezi wiki nzima.

"Betri!"

"Ndiyo, afande!"

"Mabawa!"

"Ndiyo, afande!"

"Afande," sajini aliniuliza siku ya tatu, "sasa nitaangalia saa ngapi?"

"Utaangalia mapema."

"Mapema wewe unakuwa umebeba kompyuta."

Ni kweli. Kompyuta ya kurushia nilikuwa narudi nayo Kansanga kila jioni, nachora njia za droni kwenye ramani ili mkono uzoee. Mahali pa kurudi niliweka uani kwa mama mwenye nyumba, kwa sababu ndipo nilipopajua. Alikuja kuchungulia begani kwangu, akaniita ssebo, yaani bwana, kama kawaida yake.

"Ssebo, hii ni nyumba yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Na hii kadogo ni choo?"

"Ndicho."

"Toa."

Nikamweleza kuwa picha ya ramani imepigwa kutoka juu kabisa, siwezi kutoa choo cha mtu. Akasema serikali imeanza kukosa adabu.

Siku ya maonyesho tulikuwa uwanjani, nje kidogo ya mji, upande wa ziwa. Brigedia alikuja na wakubwa wengine na viti vya plastiki. Nikasoma orodha. Walijibu kama radi. "Mahali pa kurudi!" "Ndiyo, afande!" Brigedia akatikisa kichwa kwa raha. Sajini akairusha kwa mkono, ikapanda, ikazunguka, ikatuonyesha kwenye skrini kubwa ng'ombe, mitumbwi, hata upara wa kanali mmoja. Watu wakapiga makofi. Tayari nilikuwa najiita kapteni moyoni.

"Sasa irudi," brigedia akasema.

Nikabonyeza. Droni ikatupa mgongo, ikaondoka.

Nilijua papo hapo. Ile njia ya uwanjani nilikuwa nimeichora juu ya njia ya mazoezi, na mahali pa kurudi hapakubadilishwa. Nikapeleka mkono kwenye kompyuta, lakini brigedia alinishika bega.

"Acha. Inafuatilia mtu?"

"Afande..."

"Acha, tuone."

Tukaona. Tuliona barabara ya Ggaba, bodaboda, mabati, kisha tanki la maji nililolifahamu, kamba ya nguo, na suruali yangu ya gwaride ikiwa imeanikwa. Kanali akauliza kama hiyo ni sare ya adui. Mama mwenye nyumba alikuwa ameinamia sufuria ya matooke, ndizi mbichi za kupika zilizofunikwa kwa majani yake. Akainua kichwa, akaiona, akaitishia mwiko. Droni ikafungua kimwavuli chake, ikashuka, na skrini ikajaa majani ya ndizi.

Dakika moja baadaye simu yangu ikalia. Brigedia akaniagiza niiweke kwa sauti.

"Ssebo, ndege yako imefika nyumbani. Wewe uko wapi?"

"Kazini, mama. Usiiguse."

"Nishaifungia stoo. Imeangukia chakula cha watu. Uje na mkubwa wako."

Tulikwenda, magari manne. Brigedia, aliyezoea watu kutetemeka, alisimamishwa mlangoni mwa stoo na mwanamke aliyemfikia kifuani.

"Wewe ndiye mkubwa wake?"

"Ndiyo, nnyabo," brigedia akajibu, akimwita bibi kwa heshima ya Kiganda.

"Unakula?"

Akala. Alikula matooke na njugu akiwa kwenye kigoda, wakubwa wenzake wamesimama. Nikaanza kuamini nimepona. Alipomaliza akanawa mikono, akamgeukia sajini.

"Luteni alisoma mahali pa kurudi. Wewe ukajibu ndiyo. Uliangalia?"

Sajini akanyooka. "Hapana, afande."

"Kwa hiyo ulinidanganya."

 Sajini alikuwa na watoto watatu Nsambya na mume askari aliyekuwa mbali, na kuvuliwa cheo kungemrudisha nyuma miaka. Mimi nilihitaji kunyamaza tu. Hakuna ambaye angeniuliza zaidi. Nilimtazama akiangalia ukuta wa stoo, nikajisikia nikisema, "Afande, niliiweka mimi hapa uani. Na yeye alikuwa anaangalia vizuri, mimi ndiye niliyemkataza. Niliona ndiyo ya haraka inapendeza kwa wageni."

Brigedia akanigeukia mimi. "Kwa hiyo mimi nilikuja kuimbiwa kwaya."

"Ndiyo, afande."

"Ilikuwa kwaya nzuri." Akamtazama mama mwenye nyumba. "Na chakula kizuri."

Kikosi kilipewa kapteni mwingine, kijana mwenye digrii. Sajini alibaki na cheo chake. Mimi nilipelekwa kufundisha makuruta kwenye shule ya jeshi mbali huko mashariki mwa nchi, nikiwa luteni vilevile, na kwenye barua brigedia aliongeza kwa kalamu kwamba niwafundishe kumjibu ofisa "hapana".

Siku ya kuondoka, sajini alikuja kunisaidia kubeba godoro.

"Bosi mpya anasoma orodha haraka," alisema. "Jana nimemwambia hapana mara mbili."

"Akasemaje?"

"Alikasirika. Halafu akabadilisha betri."

Mama mwenye nyumba alikuwa ameshapangisha chumba. Mpangaji mpya, fundi cherehani, aliingiza meza yake huku mimi natoa vitu vyangu, tukasukumana mlangoni tukiombana samahani. Lori lilipofika barabarani nikakumbuka kwamba nimeacha pasi yangu ya mkaa dirishani. Dereva akauliza kama arudi. Nikamwambia twende. Sijakanyaga Kansanga tena, na nadhani yule mama bado ananyoosha magauni yake ya gomesi kwa pasi ile.